Rangi Yako, Kulwa

Kulwa,

Nina hasira, na wewe ndiye ninayekuja kukumwagia, maana ulizizoea.

Mwaka unakaribia kutimia tangu tukuzike Busisi, na ile picha ya msibani bado imenikaa kooni. Mumeo aliipeleka kuchapwa kwa vijana wa mtaa wa pili, eti Doto ana majonzi, aachwe apumzike. Nipumzike! Uso wa pacha wangu unachapwa, mimi mchapaji nimekaa mkekani? Wakakusafisha kwenye kompyuta mpaka ukang'aa, shemeji akatazama kioo cha kompyuta akasema safi, chapa. Hakuna aliyetoa sampuli ya kulinganisha rangi. Ukatoka pinki kama minofu ya sangara. Wateja wetu wa soko la samaki la Mwaloni wakawa wanaitazama picha, wananitazama mimi, wananong'onezana. Na mimi nimesimama palepale, sura hiyohiyo, ngozi hiyohiyo! Rangi ya kufuatisha ilikuwepo, inalia, na hakuna aliyeigeukia.

Wewe ungewatimua. Miaka yote pale kwenye duka letu la uchapaji Kirumba ulikuwa unanifokea: "Doto, kioo kinawaka, karatasi haiwaki!" Unapunguza mwanga wa kioo, unachapa kipande kidogo, unatoka nacho mlangoni kwenye mwanga wa jua, unakilinganisha weee, ndipo unaniruhusu niwashe mashine. Na hiyo ni lebo ya dagaa. Dagaa, Kulwa! Halafu wewe mwenyewe ukachapwa kama tangazo la losheni.

Juzi shemeji kaja na faili lilelile, anataka picha ya kuweka kwenye msalaba wa kaburi lako. Eti hapo ndipo ulipopendeza. Nikamwambia samahani shemeji, huyu simjui. Amenuna. Anune.

Na wewe usidhani umepona hasira zangu. Kwa mapacha Kulwa ndiye hutangulia, sawa, ulitangulia kuzaliwa. Haikutosha?

Nimechukua ile picha yako tuliyopiga kule Pasiansi, unacheka mdomo umejaa samaki. Sampuli ya kwanza ikatoka nyekundu. Nikapunguza, ikawa kijivu, nikaitukana mashine huku nalia. Asubuhi hii nimetoka na kipande kingine mlangoni, nikaweka mkono wangu shavuni mwako. Sikuona mkono unaishia wapi.

Kesho navuka daraja kuja Busisi, naiweka msalabani mwenyewe. Hakuna atakayekuchapa tena bila kupitia kwangu, nakuapia. Lala sasa, pacha wangu.

Ila mimi, siku yangu ikifika, watanifuatisha kwa nani?

Doto