Maji Yaliyokataa Rangi

Kwako Wakesho,

Huku Voi hatujambo. Bibi yako anakohoa kidogo, lakini jana alishinda shambani akipanda mahindi, na hakuna aliyeweza kumzuia.

Umeniuliza ufanye nini madam, mwajiri wako wa huko Dubai, anapodai kwamba maji ya bwawa lake la kuogelea yanang'aa, na kwamba kupima mara ya pili ni kupoteza muda.

Ujanani nilitunza bwawa la nyumba moja huko huko Dubai. Siku ya sherehe ya watoto, nilitia kidonge cha kupimia katika kichupa cha maji ya bwawa. Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, ikiwepo, maji hugeuka pinki. Hayakugeuka. Nikaongeza klorini, nikapima, bado. Nikaongeza tena.

Ndipo macho yakaanza kuniwasha. Nikazimua maji ya kichupani kwa maji ya kunywa ya chupa, nikapima upya. Yakawa pinki iliyokolea. Kumbe klorini ilikuwa nyingi mno hata ikaila rangi ya kidonge.

Watoto walishavaa nguo za kuogelea. Nikasimama mlangoni pa bwawa, nikamwambia madam wangu wa wakati huo:

"Madam, leo haogelei mtu. Nimekosea mimi, nimezidisha dawa."

"Yalla, haya, toka hapo! Wageni wamefika!"

Sikutoka. Watoto walikula keki, wakarudi kwao na macho yao mazima.

Madam alininunia wiki nzima. Kisha asubuhi moja akaja, akachuchumaa kando yangu nikipima maji, akakitazama kidonge mpaka kikayeyuka.

"Sasa pima tena," akasema.

Nawe pima tena, Wakesho.

Babu yako,
Mwakio