Njia ya Samaki Haina Mlango

Gisenyi, Rubavu
Tarehe 2 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Vénuste,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu ziwani. Hamjambo huko Kigoma? Wifi yangu Belyse anaendeleaje na kifua chake? Na watoto, bado wanakula ugali kama wanashindana? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imetushika sawasawa, magoti yangu yanalalamika kila asubuhi, lakini natembea.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mara ya mwisho uliniambia Denyse arudi kwako kabla ya Noeli, na moja kwa moja, kisha ukakata. Mimi ni dada yako mkubwa, Vénuste. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Najua una uchungu. Binti yako nimekaa naye miaka yote hii kama wangu. Siku ile wale wezi wawili walipompora beseni la sambaza, hawa samaki wetu wadogo, kwenye njia ya kutoka mwaloni kwenda sokoni, wakamsukuma mpaka akavunjika mkono, mimi ndiye niliyeufunga kwa kitenge changu na kumpeleka hospitali. Nililia kuliko yeye.

Nilipomaliza kulia nikakasirika. Nikamfuata Gatete, mkuu wa irondo, wale walinzi wetu wa usiku, nikamrushia maneno mbele ya watu. Akangoja nipumue, ndipo akasema: "Mama, unanigombeza bure. Sisi banatupa kazi ya kuchunga milango ya maduka na ya manyumba. Kule ku njia ya samaki hakuna mulango. Kukianza kupambazuka kazi inaisha, donc tunaenda kulala."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Hakuwa anadanganya. Mashua zinaingia wakati uleule wao wanapovua makoti.

Basi nikaanza kuulizauliza. Kumbe ofisi ya sekta, yaani serikali yetu ya hapa mtaani, hufanya mkataba na kikundi cha walinzi kwa mwaka mzima, na mkataba ndio unaosema walinde nini, wapi, na mpaka saa ngapi. Kisichotajwa humo hakilindwi, hata kama kinapiga kelele. Na ya kutaja hutoka kwa wakazi wenyewe, kwenye mkutano baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wenye maduka hubaki wakasema wanachotaka. Sisi wauza samaki jembe likitua tu tumeshatoweka, maana sambaza hawangoji mkutano. Ndivyo mji ulivyopangiwa ulinzi bila sisi mwaka baada ya mwaka, na wala hakuna aliyetufukuza.

Mkataba ulikuwa unakaribia kuisha, na mpya ungezungumzwa umuganda wa Septemba. Na Septemba ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaane. Umeona? Hatukuwa na samaki wa kukimbilia! Nikawazungukia wanawake wa mwaloni mmoja mmoja. Wengine wakasema ulinzi ni mambo ya wanaume na ofisi. Nikawaambia mikono inayovunjika ni yetu.

Siku ilipofika tulizibua mitaro, tukaweka majembe chini, tukaketi mbele kabisa. Jean de Dieu, afisa wa sekta anayeshughulikia mkataba huo, alitutazama kama wageni waliokosea harusi. Akasoma rasimu yake. Ilikuwa milango mitupu. Nikasimama nikasema njia ya samaki iingie.

Mzee Rutagengwa, mwenye duka la saruji, akadakia: "Bale bamama hawatoe muchango wa irondo! Ulinzi iko ya mwenye kulipa." Nikamjibu kwamba ushuru wa soko tunautoa kila tunaposhusha beseni, na mchango nao tutatoa, hatujaja kuomba. Jean de Dieu, kwa upole wote, akasema rasimu imeshapita, tungoje mwaka ujao.

Nilikuwa najiandaa kumjibu vibaya, unanijua. Mara Denyse akasimama. Denyse huyuhuyu, ambaye tangu aibiwe alikuwa havuki geti isipokuwa kwenda misani. Akasema polepole: "Mi sina duka, sina mulango. Bon. Ila huu mukono iko wangu. Nani anauchunga?"

Rutagengwa akamgeukia afisa, akasema yeye mwenyewe, "Ongeza njia." Jean de Dieu akaongeza: walinzi wawili wasimame njiani mpaka mashua ya mwisho ishushe, na muuza samaki mmoja aingie kwenye kamati inayokagua kazi yao kila mwezi. Wanawake wakapaza sauti wakamtaka Denyse. Si mimi niliyezunguka kote kule! Nilinuna kidogo, sikufichi.

Sasa ziwa limefunguliwa. Wiki ya kwanza mlinzi mmoja alikimbilia kibandani kukwepa mvua. Denyse akamwita Gatete, akamwonyesha pale mahali palipo wazi, basi. Kesho yake mlinzi alikuwepo, amelowa.

Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Tukifika kwenye ile kona alipoporwa bado ananishika mkono, tena anaubana hasa. Lakini anapita, na beseni liko kichwani.

Kwa hiyo simrudishi, Vénuste. Useme mimi ni mkaidi, ni kweli. Lakini muulize mwenyewe, namba yake unayo, na ukimpigia usimkatie. Ameniambia nikuandikie hivi: Noeli atakuja kukusalimu, atakula dagaa zenu, kisha atarudi, kwa sababu Januari ana njia ya kukagua.

Nisalimie sana Belyse, Akaliza na Jack. Jirani yetu Laurence naye anawasalimu, na bado anashikilia kwamba dagaa wa Kigoma hawafikii sambaza wa huku. Mungu awachunge kila mahali, hasa pale ambapo hakuna aliyepangwa kulinda.

Wako akupendaye hata ukikata simu,

Dada yako,
Illuminée