Swali la Malachy

Kildare,
Jumapili, 9 Novemba

Dada yangu Attracta,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza maneno, na umepata mtu wa kukuondolea theluji mlangoni huko Boston. Mimi sijambo, isipokuwa mvua ya hapa imeamua kuhamia shingoni mwangu.

Uliuliza shahada yangu ya mambo ya farasi inaendaje. Inaenda polepole, kama mwanafunzi wake. Nina miaka hamsini na mbili, nimekaa na watoto wa miaka kumi na tisa wanaoniita Babu na kunishikia mlango. Nilidhani nimekuja kuchukua cheti cha mambo ninayoyajua, maana nimezoa samadi tangu utotoni. Mtihani wa kwanza wa lishe nilipata thelathini na nne kwa mia. Binti mmoja, Sorcha, alinifariji kwamba hata farasi wake angepata arobaini.

Jumanne mhadhiri wetu, Dakta Gormley, alileta kwato iliyopasuliwa katikati. Mfupa wa ndani ulikuwa umeachana na ukuta wa kwato, ukazama hadi karibu kutoboa unyayo. Akauliza ni nini kilichofanya hivyo. Mzee wa kazi nikawahi kujibu: fundi mbovu wa viatu vya farasi, msumari wa kiatu umeingia kwenye nyama. Darasa likacheka. Dakta akasema kwa upole kwamba msumari huumiza mguu mmoja, na huyu aliugua yote miwili ya mbele. Ni majani, akasema, majani mabichi ya Mei; farasi jike aliyenona akiyala kwa wingi, kwato huvimba kwa ndani. Akatuonyesha miviringo iliyojichora juu ya kwato, akasema fundi yeyote mzuri angeiona akajua mnyama amelishwa nini.

Sikuandika kitu tena siku ile.

Unakumbuka farasi wetu Banba alivyosimama, ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha kama anayekanyaga makaa. Malachy Tuohy alikuwa amempigilia viatu wiki ileile. Banba alipokufa, Baba akasema ndiye aliyemuua, akalisema mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, hadi parokia nzima ikapeleka farasi kwa fundi mwingine. Nawe ukamrudishia Malachy pete yake ya uchumba.

Dada, kila asubuhi Baba alipokwenda misa, nilimfungulia Banba kiwanja cha chini, kwenye yale majani yaliyonifika magotini. Nilimwona Baba mchoyo, anampimia chakula kwa kikombe. Kabla hajarudi nilikuwa nimeshamfunga zizini. Na yule mnyama alipoanza kuchechemea, Malachy aliinua mguu wake uani, akapitisha kidole juu ya miviringo, akaniuliza mbele ya Baba kama amekuwa akila majani. Nikasema hapana. Niliogopa kipigo tu. Miaka thelathini na minne nimejiambia ulikuwa uongo mdogo, usiohusiana na chochote.

Jana nilikwenda kwake. Mgongo umepinda, mikono haikunjuki vizuri, hana farasi wa kupigilia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alicheka, akasema chuo chetu kina ada kubwa sana kwa jambo aliloniambia bure uani. Akaniwekea chai. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea, hata kwako tu. Akasema alijitetea. Asubuhi ile ulipoondoka kwenda Marekani alikufuata hadi kituo cha basi, akakuambia ni majani, na kwamba kijana anaficha. Ukamjibu kwamba Fintan wako hajawahi kukudanganya, ukapanda basi.

Hakuniambia kwa hasira. Alikuwa akitafuta sukari.

Sikuombi unijibu. Nikibaki na akili, nitafanya mtihani wa kwato tarehe ishirini. Anwani ya Malachy haijabadilika. Wasalimie majirani zako, na usitembee kwenye barafu bila fimbo.

Ni mimi ndugu yako,
Fintan