Taya Lililomo Mfukoni mwa Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, Bi Ardith, naomba msaada na naomba usinicheke, maana nimeolewa huku Wyoming mwaka wa ishirini sasa na bado wapo wanaoniita mgeni, ila baba mkwe wangu, mzee Orval, hajaniita hivyo hata siku moja, na barua hii ni kwa ajili yake. Nilipokuja, mume wangu Kirby alikuwa anashinda na ng'ombe, mama mkwe, Mungu amrehemu, ananijibu kwa kichwa tu, na mwezi wa pili nilishafunga sanduku nirudi kwetu Omaha, ndipo baba mkwe akanirushia kofia akasema, "Binti, vaa hiyo twende tukatafute visukuku, mabaki ya wanyama wa kale, humu ndani ukimya utakuua." Tangu siku ile akanifundisha kila kitu, kwamba tutoke asubuhi jua likiwa chini ili vivuli vionyeshe kilichochomoza, tupite chini ya mteremko mvua ikishanyesha kwa kuwa mvua ndiyo inayotuchimbia, nisipeleke mkono chini ya mwamba kabla ya fimbo kwa sababu ya nyoka, na nikiwa na shaka kama ni mfupa au jiwe niguse kwa ulimi, mfupa wa kale hunata na jiwe halinati. Bi Ardith, nimelamba nusu ya kaunti hii na nashukuru kila kilichonigusa ulimi.

Sasa macho yake yamekwisha na hatoki tena. Mwezi uliopita nikaenda peke yangu kwa jirani yetu Stubbs, aliyeniruhusu mwenyewe, "Chukua utakacho, dada, ila geti ulifunge," na ndani kabisa ya uzio wake nikaona taya dogo, urefu wa kidole, lenye meno manne, liko juu ya udongo utadhani limeandaliwa mezani, nikalifunga kwa karatasi za chooni nikampelekea baba mkwe siku aliyotimiza miaka themanini na mitatu. Akalipapasa, akaligusa kwa ulimi, likanata, akacheka mpaka akalia. "Farasi! Farasi wa kale, wa kimo cha mbwa! Marlys, mwanangu, umenirudisha mlimani!" Tangu hapo limo mfukoni mwa shati lake, na mchungaji ameonyeshwa, kinyozi ameonyeshwa, hata muuza nyasi za ng'ombe hakupona.

Juzi nikakutana na Stubbs posta, nikamshukuru, akauliza nilifika wapi, nikamweleza, akakuna shingo. "Oho! Ule uzio marehemu baba aliuweka pale alipopata udongo laini wa kuchimbia nguzo. Ardhi yangu inaishia kijitoni, dada. Huko juu ni kwa umma, sisi tunalisha tu." Nikakimbilia ramani na pale mahali pana rangi ya njano tupu, njano ya ardhi ya umma, na ni baba mkwe mwenyewe aliyenifunza kwamba kwenye ardhi hiyo magamba ya konokono na majani yaliyogeuka mawe unaweza kuokota kiasi cha kuweka nyumbani, si cha kuuza, lakini mfupa wa mnyama mwenye uti wa mgongo hauguswi bila kibali. Kirby anasema, "Nyamaza, mke wangu, nani atamfunga kipofu kwa meno manne?" Lakini Jumamosi ya wiki ijayo mzee atasimama mbele ya chama chetu cha watafuta visukuku, kwenye kifungua kinywa, awaeleze kuwa lilitoka kwa Stubbs, na yeye uongo haujui. Nimwambie nimnyang'anye furaha yake, au ninyamaze?

Marlys

MAJIBU

Pole, Marlys, na hongera kwa jicho hilo. Sasa nikugombeze. Miaka ishirini unatembea na mtu kama Orval, halafu unaamini uzio? Huku kwetu uzio unamwonyesha ng'ombe pa kukomea, basi. Mpaka uko kwenye ramani, na ramani hutazamwa kabla hujashuka garini. Na nyie wasomaji mnaomcheka, wangapi mnayo ramani hiyo garini?

La pili, umeinua kitu hukuandika. Hujanitajia picha hata moja. Taya lisilojulikana lilikotoka halimwambii mtaalamu lolote zaidi ya kwamba farasi walikuwa na meno.

Kirby mpe kahawa, masikio usimpe.

Mwambie mzee, tena leo. Unasema unaogopa kumnyima furaha, lakini ukinyamaza utamwacha asimame mbele ya rafiki zake wa miaka hamsini aseme jambo lisilo kweli bila kujua. Yaliyokwisha ni macho, akili anazo timamu. Usimfanye mtoto.

Msilioshe, msilipake gundi ya dukani, na usithubutu kulirudisha mlimani kimyakimya ukadhani umesafisha dhambi. Lifungeni kwa karatasi laini, mliweke kwenye kopo. Rudi pale ulipoliokota, mikono ikiwa mfukoni, upige picha ya mahali na kalamu kando ili ukubwa ujulikane, uchukue namba za mahali kwenye simu yako, na usichimbe hata kwa kijiko. Mwachie Kirby ujumbe umeelekea wapi na beba maji ya kutosha, maana naona siku hizi unakwenda peke yako. Kisha piga simu ofisi inayosimamia ardhi hiyo, useme yote, na habari za uzio. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakukaripia. Watalichukua, ndiyo. Nenda na Orval, yeye ndiye awakabidhi, na Jumamosi asimame vilevile aeleze lilivyopatikana na lilikokwenda. Chama kizima kitafaidika.

Moja la mwisho. Karatasi mbili nzima umejaza shukrani kwa mzee huyu, ukanitumia mimi ambaye hatujawahi hata kunywa kahawa pamoja. Yeye umemwambia lini? Ulimpelekea mfupa kwa sababu kusema kulikushinda, na sasa mfupa unaondoka. Keti karibu naye, umshike mkono, umweleze kama ulivyonieleza mimi, neno kwa neno. Mwache asikie mpaka mwisho. Ndipo umwombe hilo taya.