Kengele ya Pilipili

Shambani, nyuma ya Bengamisa, 4/5/2024

Tonton Augustin, chef wangu,

Kwanza muguu. Iko namna gani? Munganga alitosha plâtre ku mufupa ya kuvunjika, ao bado unatembea sawa kanga mulevi? Miye mwili iko muzuri, lituma ya ndizi inashuka bila shida. Réseau tu ndiyo haiko, simu yangu hapa inanionyesha saa, basi. Ndiyo maana nakuandikia sawa batu ya zamani, na Djuma wa moto, na pikipiki yake, ndiye facteur wetu wa barua. Lala vizuri ku kitanda yangu kule Kisangani, lakini malle yangu ya nguo usifungue, eh!

Tonton, uliwaza mutoto ya ville atashindwa kuchunga nyumba yako. Angalia sasa: mbuzi yako yote iko, muhogo iko, na mbwa yako Pilipili ananipenda kuliko weye. Lakini ile kengele ya muti ulimufungaka ku shingo, bon, nilimutosha. Usikasirike. Kila asubui koto-koto-koto, na Rosine, yule binti wa ku source ya maji, akaniuliza mbele ya bamama bote: "Weye, hiyo ni mbwa, ni mbuzi, ao ni padiri anaita batu ku misa?" Vraiment, haya ilinishika hadi ku masikio. Basi nilimuvalisha chaîne yangu ya kungaa, ile mukufu ya soko. Sasa Pilipili iko sawa mbwa ya musicien.

Kisha tukaingia pori, sisi wawili. Bila kengele nyama hasikii kitu! Pilipili akakamata swala, mboloko munene, hata mbio haikuwako. Weye miaka yote unaingia pori na kelele, ndiyo maana unarudiaka na uyoga.

Mupwa wako,
Sébastien, Chef wa Mbuzi na wa Pori Yote


Kisangani, 9/5/2024

Kwa mupwa wangu Sébastien,

Nakusalimu. Mama yako Odile naye anakusalimu, anauliza kama unaoga. Mguu unapona polepole, plâtre bado. Kitanda chako kina shimo katikati. Nadhani ndimo ulimozika masomo yako.

Sasa sikiliza. Pilipili habweki. Mbwa wa aina yake hawabweki, umeona mwenyewe. Kengele ndiyo sauti yake. Mimi nikiisikia, najua yuko wapi. Jirani yetu Mama Katungu akiisikia, anakusanya mbuzi wake waliozaa. Hata nyama wa pori mwenye mtoto anapata nafasi ya kukimbia, na huyo ndiye ninayetaka akimbie, kwa sababu mwaka kesho nataka mtoto wake awepo. Wewe unamfundisha mbwa kuua bila kusikika. Hajui pori linaishia wapi na parcelle ya mtu, uwanja wake, inaanzia wapi. Wewe ndiye unayejua.

Yule mboloko alikuwa na maziwa? Nijibu hilo.

Rudisha kengele leo, si kesho. Asubuhi mbuzi wakifunguliwa, mbwa afungwe kwanza. Rosine atacheka. Mwache acheke, donc! Utakufa?

Tonton yako,
Augustin


Shambani, 16/5/2024

Tonton wangu wa shimo ya kitanda,

Natumaini muguu inakusikiliza kuliko miye. Mwambie mama naoga, hata Rosine anajua. Kengele iko ku shingo ya Pilipili, usihofu, hiyo maneno imekwisha.

Lakini huku habari ni mubaya. Jana asubui brouillard ilikuwa nzito, hata mulango ya jirani haikuonekana. Mbuzi moja wa Mama Katungu, aliyezaa juzi tu, balimukuta ku kichaka nyuma ya parcelle, shingo imepasuka, na batoto yake pia. Mama Katungu unamujua, mwanamuke wa kubeba sac ya muhogo peke yake. Alikaa chini ku udongo, analia sawa mutoto.

Batu banasema ni Commando, mbwa ya papa Henri, sababu ile mbwa anatembea bure kila mahali, hata ku kanisa anaingiaka. Papa Henri anakataa, anasema Commando alilala mulangoni kwake. Nani atamwamini? Baliniuliza na miye. Nikabajibu: "Pilipili iko na kengele. Nani alisikia kengele?" Hata mumoja hakuinua mukono, tonton. Sawa ku tribunal!

Banataka kumuua Commando. Mama Katungu anasema kwanza weye uandike neno yako, sababu kijana anaweza kudanganya lakini Augustin hapana. Ni yeye alisema vile, si miye. Djuma atabeba.

Mupwa wako,
Sébastien


Kisangani, 20/5/2024

Mupwa wangu,

Huku tuko wazima, na munganga anasema mfupa umeanza kushikana. Habari ya Mama Katungu imenichoma. Mpe pole yangu kabla hujasoma chini.

Nimemwandikia barua yake, Djuma anayo. Nimesema hivi: "Mupwa wangu amenihakikishia kengele iko shingoni mwa Pilipili. Kama ni yeye aliyepita, mngesikia." Zaidi ya hapo sina la kusema. Henri ni rafiki yangu tangu ujana, na mara nyingi nilimwambia mbwa hafugwi kwa kumwachilia njiani. Hata hivyo namhurumia.

Jana nilimwambia mama yako: kijana wako amekuwa mtu mzima, sasa naweza kupona bila haraka. Alicheka, halafu akajifuta macho na kitenge.

Bado hujanijibu juu ya mboloko.

Tonton yako,
Augustin


Kisangani, 10/6/2024

Sébastien,

Sisi wazima. Wewe sijui.

Djuma anakuja mikono mitupu. Ananiambia Henri amemuua Commando kwa mkono wake mwenyewe, baada ya barua yangu kusomwa. Ananiambia pia kuna jambo jingine limetokea, lakini hataki kulisema yeye. Niandikie, hata mistari miwili.

Kengele iko wapi?

Tonton yako


Shambani, 17/6/2024

Tonton,

Salamu nakutumia. Habari ya muguu sijue nikuulize na mudomo gani.

Kengele ilikuwa ku musumari, nyuma ya mulango. Tangu siku ile nilimutosha haikurudi ku shingo. Nilikudanganya. Niliwaza nitamurudisha kesho, halafu kesho Rosine iko ku source, halafu kesho tena.

Ile asubui ya brouillard Pilipili alirudi na manyoya ya mbuzi ku chaîne yangu. Nilijua palepale. Niliosha chaîne na sabuni, nikaosha hata kinywa ya Pilipili. Kisha nikaenda kusimama na batu, nikauliza nani alisikia kengele. Kisha nikakuandikia.

Barua yako baliisoma ku parcelle ya Mama Katungu. Papa Henri alisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Kama ni Augustin ameandika, alors miye sina neno." Akamwita Commando. Commando akakuja mbio, mukia inacheza, aliwaza banaenda shambani. Tania, binti mudogo wa papa Henri, alikamata kamba na mikono yote miwili, hakutaka kuachilia, hadi mama yake akamufungua vidole moja moja. Miye nilikuwa pale, tonton. Nilikuwa nakula muhindi ya kuchoma. Niliendelea kukula.

Kisha, siku chache mbele ya Djuma kukuja kwako, kamwana kengine ka mbuzi kakafa, shingo imepasuka sawa ya kwanza. Commando hakuwako tena wa kumubebesha. Mama Katungu hakupiga kelele. Aliingia kwetu na batu nyuma yake, akapeleka mukono nyuma ya mulango, anajua musumari yako, akashusha kengele. Ndani buibui alikuwa amejenga. Akaionyesha bote, akaniuliza polepole: "Nani alisikia kengele?" Maneno yangu mwenyewe. Rosine alikuwa pale. Hakucheka.



Vijana bakakamata fimbo juu ya Pilipili. Mama Katungu akabakataza: "Mbwa alifundishwa. Mumufunge. Kengele ni ya huyu." Akanifunga ku shingo yangu, fundo ya nguvu. Nitachunga mbuzi yake hivyo hadi weye urudi. Koto-koto-koto, batoto ya masomo bananifuata nyuma, banaimba.

Mboloko alikuwa na maziwa. Nilisahau kukujibu. Hapana, sikusahau.

Mupwa wako, kama bado unataka,
Sébastien


Kisangani, 22/6/2024

Mupwa wangu,

Bado ni mupwa wangu. Damu siyo chaîne ya soko, ukaivua ukavaa nyingine.

Niliposoma barua yako mara ya kwanza, nilitaka kupanda moto ya Djuma na plâtre hivihivi nije nikuchape. Mama yako akaficha fimbo yangu ya kutembelea. Niliposoma mara ya pili, hasira ikaisha, ikabaki haya, na haya hiyo ni yangu. Henri alishika kamba, lakini aliyemuua Commando ni jina langu. Nililiweka kwenye karatasi bila kuona kwa macho, kwa sababu nilipenda kuamini kwamba umekuwa mtu. Nimemwandikia Henri kumwambia hivyo. Hajajibu. Simdai jibu.

Pilipili asiuawe. Afungwe kivulini, maji yasikauke, umtembeze kwa kamba jioni na asubuhi. Pori asiingie mpaka nifike.

Barua yako ina watu wengi. Yuko Mama Katungu, yuko Rosine, wako hata watoto wa masomo. Lakini sijaona mahali umeandika: nilienda kwa papa Henri.

Tonton yako,
Augustin


Shambani, 7/7/2024

Tonton,

Asante kwa barua. Djuma anasema sasa unakanyaga chini na muguu yote miwili. Nilifurahi kusikia, nakuambia kweli. Mama umunisalimie sana, na aache kulia ku kitenge juu yangu.

Pilipili iko vizuri, iko amefungwa chini ya muti wa avoka. Kila nikitikisika anainua masikio, anawaza kengele ni yake.

Kwa papa Henri sikuwa nimeenda. Kila siku nilikuwa napitisha mbuzi njia ya nyuma, katikati ya muhogo ya batu, kuepuka mulango yake. Mama Katungu alijua. Barua yako ilikaa ku mufuko wangu hadi karatasi ikalainika.

Leo nilipita ya mbele. Nilipokaribia, mukono yangu ulipanda wenyewe ku shingo, ukaingia ndani ya kengele, ukakamata kile kijiti, isilie. Nikatembea hivyo, kimya, hatua kidogo. Mbuzi mbele, miye nyuma, hakuna mutu anasikia. Halafu nikajiona. Tonton, nilikuwa natembea sawasawa Pilipili ile asubui.

Nikaachilia. Ikalia.

Tania akatoka mbio, aliangalia chini kwanza, sawa mutu anatafuta mbwa. Akaniona. Akageuka ku nyumba: "Papa, ni Seba."

Sauti ya papa Henri ikatoka ndani: "Nasikia."

Hakutoka. Nilisema kupitia mulango yale niliyokuja kusema, haikuwa mingi, na hakuna kichekesho niliyoweka ndani. Nikakaa kidogo pale chini, mahali Commando alikuwa analalaka, udongo bado iko na shimo yake. Kisha mbuzi zikaanza kuondoka, nikazifuata.

Kesho nitapita njia ileile.

Mupwa wako,
Seba