Kivumbasi na Neti ya Kitaluni

Neema mjukuu wangu, huku Ilula tu wazima, ila nimechoka, hata kalamu nzito. Unauliza kama kujipaka maji ya kivumbasi kutatosha kufukuza mbu huko Madibira, ili neti ufunikie kitalu cha mpunga, ndege wasile mbegu.

Mama yangu alifanya hivyohivyo nikiwa binti. Neti yetu aliitandaza kitaluni, akatwanga majani ya kivumbasi, akatupaka maji yake.

“Hapa mbu atakimbia mwenyewe!”

Mdogo wangu akacheka. “Hata mchumba atakimbia, mama.”

Jioni maji hayo yalisaidia. Tukilala, jasho liliyafuta. Haukupita muda, mdogo wangu akaanza kutetemeka kwa malaria. Alipona, mengine niache.

Siku ile homa ilipoanza, mama alikwenda kitaluni, akaifunua neti. Ndege wakashuka kwenye mbegu. Hakuwafukuza. Alirudi, akaitundika kitandani kwetu.