Maneno Niliyoyaweka Mimi Kwenye Tanzia ya Shangazi

Makanyagio,
Mpanda, Katavi.
16 Machi 2025

Mpendwa kaka Optatus,

Shikamoo. Habari za huko Memphis? Baridi imepungua? Wifi Jeniffer hajambo? Mimi mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Huku mvua zinanyesha kweli kweli, ukipanda bodaboda kwenda Nsemulwa unafika na matope mpaka magotini. Nyumbani Mpimbwe mpunga umesimama vizuri.

Naandika barua hii kwa mkono halafu nitaipiga picha nikutumie. Kwa simu ningelia, na kulia kungenifanya nikudanganye tena.

Ile picha ya sanamu ya Ida B. Wells uliyonitumia niliifanyia kazi. Siku ya Wanawake nilimwandalia kipindi kizima pale redioni. Nilieleza alivyozaliwa utumwani, akawa mwandishi wa habari, na rafiki zake walipouawa na kundi la watu hapo hapo mjini kwenu, akavikataa visingizio vya wauaji. Aliuliza, akachunguza, akaandika ukweli. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwa, na bado hakunyamaza.

Kaka, nilipigiwa makofi! Meneja akanisifu mbele ya wenzangu, na mimi nikacheka meno yote nje. Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama yako hakuugua. Shangazi Mariana alipigwa hadi kufa, mlangoni kwake, baada ya watu kuzusha kwamba ni mchawi kwa sababu ya macho yake mekundu. Macho ya moshi wa kuni, unajua mwenyewe alivyopika maisha yake yote! Ile malaria niliyokuambia ilimpanda kichwani ni uongo wangu. Nisamehe, kaka, kama unaweza.

Asubuhi ile ya Novemba baba mdogo Telesphor alinipigia nisome tanzia, ili ndugu wa Misunkumilo wawahi mazishi. Akasema, "Sababu usiitaje, mwanangu. Nyie wa redio mnajua kuyapanga maneno." Alikuwa anaogopa, maana wanaotajwa kumuua ni majirani, tunasali nao kanisa moja. Nikakubali upesi. Na mimi niliogopa.

Lakini nisimsukumie mzee wa watu. Yeye aliomba ninyamaze tu. Maneno "baada ya kuugua kwa muda mfupi" niliyaandika mimi, kwa sababu ndivyo tunavyosoma tanzia zote, na bila maneno hayo nililiona tangazo limepungua. Nikalisoma mara tatu, kwa ile sauti yetu ya msiba. Aibu gani hii, jamani!

Ningekaa nayo hivyo hivyo, maana mimi ni mwoga. Ila wiki iliyopita wameanza kumsema Bibi Lusia, jirani yake shangazi, maneno yale yale. Telesphor akajikaza, akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akasema Mariana aliuawa na sasa wanamtaka huyu. Wakamcheka. "Mbona redio ilisema aliugua? Tena aliyesoma ni binti yenu!" Mzee akakaa chini.

Aliponisimulia sikuweza kumtazama usoni. Siku hiyo hiyo tulimleta Bibi Lusia hapa kwangu. Jana nimekwenda polisi na Telesphor, nimeandikisha maelezo.

Kesho saa saba mchana, saa ya tanzia, nitasema Mariana aliuawa, na kwamba aliyewasomea uongo ni mimi. Kazi ikiisha, na iishe. Wewe ndiye mwanawe, nimeona aibu redio ikutangulie mara ya pili.

Wifi nisalimie sana, na watoto wabusu. Telesphor anakusalimu, anasema ameshindwa kukupigia. Bibi Lusia naye anakusalimu. Yuko hapa anachambua mchele. Ameniuliza kama wewe unajua mama yako alikufaje. Nikamwambia, bado, ndiyo namwandikia.

Mungu ampumzishe shangazi, na wewe akushike mkono ukimaliza kusoma.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda, na nilikudanganya,
Josefina